Skripti moja ya mistari 58, mifumo minne

Nina faili linaloitwa `maneno.txt`. Nimekuwa nikilijaza kwa miaka tisa sasa: neno moja la Kiswahili kwa kila mstari, kila neno ninalokutana nalo na kukuta sikuwa nalo. Yamefika 41,000 na kidogo. Hakuna hifadhidata wala programu maalumu. Ni maandishi matupu, kwa sababu maandishi matupu ndiyo kitu pekee ninachokiamini kwamba kitasomeka kwenye kompyuta ambayo bado haijatengenezwa.

Kando ya faili hilo ipo skripti (faili la amri ambazo kompyuta huzitekeleza kwa zamu) inayolitunza, `tunza.sh`. Kila usiku inaondoa mistari mitupu, inapanga maneno, inatoa yaliyojirudia, inalinganisha orodha na ile ya mara ya mwisho ili nione mapya, inafunga kila kitu kwenye kifurushi kimoja, inakituma kwenye mashine nyingine, kisha inafuta vifurushi vilivyozidi siku 30. Mistari 58 tu. Ndani yake hamna la ajabu: `sed`, `sort`, `comm`, `date`, `tar`, `find`, `scp`. Zana za kawaida kabisa, zile ambazo karibu kila mfumo wa ukoo wa Unix huja nazo.

Skripti hiyo ilizaliwa kwenye Debian, mfumo endeshi wa Linux. Baadaye nikaihamishia FreeBSD, halafu OpenBSD, ambayo ni mifumo ya ukoo mwingine uitwao BSD, halafu Alpine, Linux nyingine ndogo. Kila ilipohamia ilivunjika mahali papya, na kila ilipovunjika nilizidi kuujua mfumo ule kuliko nilivyoujua kwa kusoma. Watu wakilinganisha mifumo huru huanza na mwonekano wa skrini, au kasi ya kuwaka, au idadi ya programu zinazopatikana. Mimi nimefikia mahali pa kuuliza jambo moja kwanza: zile zana ndogo ninazozikuta humo siku ya kwanza, kabla sijaongeza chochote, zimeandikwa na nani, na mwongozo ulio kando yake unasema kweli? Hapo ndipo nilipoona tofauti kubwa, na ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Kwenye Debian sikuona shida yoyote, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa shida. Juu kabisa ya skripti niliandika `#!/bin/bash` bila kufikiri. Nikaandika `sed -i` kufuta mistari mitupu, `date -d yesterday` kupata tarehe ya jana, na `find -name '*.tgz'` bila kutaja saraka ya kuanzia. Vyote vikakubali. Zana za Debian ni za GNU, mradi wa programu huru, na zana za GNU ni karimu kupita kiasi. Ukiandika `ls picha -l`, chaguo likiwa limekuja nyuma ya jina la saraka, zinakuelewa. Hata `/bin/true`, programu ambayo kazi yake yote ni kutofanya chochote na kurudisha jibu la kufaulu, ukiipa `--help` inakuandikia maelezo.

Ukarimu huo una asili yake. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, haikutokea mpaka 1991. Katika miaka hiyo yote ya katikati, zana za GNU zilikuwa zikisakinishwa juu ya Unix za kampuni mbalimbali, zikichukua nafasi ya zana zilizokuja na mashine. Mtu alikuwa na sababu gani ya kujisumbua kubadilisha `sort` aliyonayo kwa nyingine? Ilibidi hiyo nyingine iwe bora waziwazi: ipokee mistari ya urefu wowote, isikatae faili kubwa, iwe na chaguo ambalo ya kwanza haina. Kanuni za uandishi za GNU mpaka leo zinawataka waandishi waepuke kuweka mipaka ya kubuni kwenye urefu au idadi ya data. Kwa hiyo zana hizi zilizaliwa zikiwa wageni katika nyumba za watu, na zilijifunza kumpendeza kila mwenye nyumba.

Ndiyo maana pia kwenye Debian kila zana ina ukoo wake. Uliza `dpkg -S` kila moja inatoka kifurushi gani: `ls` inatoka coreutils, `find` inatoka findutils, `ps` inatoka procps, `ip` inatoka iproute2, na `mount` inatoka kwenye msimbo wa util-linux. Hizo ni timu tano, ratiba tano za matoleo, na mitindo mitano ya kuandika mwongozo. Debian inazikusanya, inazipima, inazifunga pamoja, na inafanya kazi hiyo vizuri mno. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, lina karibu vifurushi 70,000. Ukitaka programu, ipo. Ukiwa na kifaa kigeni, kuna uwezekano mkubwa Linux inakijua. Sitamwambia mtu yeyote aondoke Debian.

Nilipoipeleka skripti FreeBSD jibu la kwanza lilikuwa hili:

`./tunza.sh: not found`

Faili lipo. Naliona kwa `ls`, na lina ruhusa ya kutekelezwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kilichokosekana ni bash, sheli (programu inayosoma na kutekeleza amri) iliyotajwa kwenye mstari wa kwanza. FreeBSD haiji na bash. Ukiiongeza kama kifurushi inakaa `/usr/local/bin`, kwa sababu chochote kisichokuwa sehemu ya mfumo wenyewe kinawekwa chini ya `/usr/local`. Kwanza niliona ni kero. Sasa naona ni moja ya mipaka safi niliyowahi kukutana nayo kwenye kompyuta: hapa ni mfumo, pale ni vitu vyako, na ukifuta vyako vyote mfumo unabaki mzima.

Nikabadilisha mstari wa kwanza kuwa `#!/bin/sh` na kuondoa vitu vilivyokuwa vya bash tu. Kisha ikaja zamu ya `sed`. Nilikuwa na faili dogo la pembeni lililoitwa `tarehe.txt`, na amri ilikuwa ya kawaida: `sed -i '/^$/d' tarehe.txt`. Jibu likaja:

`sed: 1: "tarehe.txt": undefined label 'arehe.txt'`

Uangalie vizuri ujumbe huu, maana una somo zima ndani yake. Kwenye zana za GNU, kiambishi cha nakala baada ya `-i` ni hiari. Kwenye FreeBSD ni lazima. Kwa hiyo `sed` ya FreeBSD ilichukua `/^$/d` ikadhani ndicho kiambishi, kisha ikachukua jina la faili langu ikalisoma kama amri. Na katika lugha ya `sed`, herufi `t` ni amri ya kuruka kwenda kwenye alama fulani. Ikaanza kutafuta alama iitwayo `arehe.txt`. Haikuwa imekosea hata kidogo, ilitii nilichoandika. Ingekuwa faili linaloanza na herufi nyingine, ujumbe ungekuwa mwingine kabisa. Tiba ni kuandika `-i.bak`, kiambishi kikiwa kimegandana na chaguo, na hiyo inakubalika kwenye mifumo yote minne. Lakini `-i` yenyewe haimo katika POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya Unix, basi mwishowe niliiacha: natoa matokeo kwenye faili jipya, kisha `mv`.

`date` nayo ilikataa `-d yesterday`. FreeBSD ina njia yake, `date -v-1d`, na baada ya kuizoea nimeipenda kuliko ile ya GNU. Kila `-v` inasogeza kipande kimoja cha tarehe, na zinafuatana kushoto kwenda kulia: `date -v1d -v-1d` maana yake weka siku iwe tarehe 1, kisha rudi nyuma siku moja, yaani siku ya mwisho ya mwezi uliopita. Hakuna kubahatisha. GNU ukiiomba `last month` ukiwa tarehe 31 Machi, inahesabu 31 Februari, haipo, inasonga mbele na kukupa tarehe ya mwanzoni mwa Machi huohuo. FreeBSD hurudi nyuma mpaka ipate siku iliyopo. Mwenye kutengeneza ripoti za kila mwezi anajua uzito wa tofauti hiyo.

Nikaweka `if` inayoangalia `uname -s`: kama ni Linux tumia hii, kama ni FreeBSD tumia ile. Skripti ikaanza kunenepa.

Ni kwenye FreeBSD pia nilikopoteza faili lenyewe. Usiku mmoja nilikuwa nikijaribu mstari mmojammoja kwa mkono, nikaandika:

`sort -u maneno.txt > maneno.txt`

Sheli hufungua faili la upande wa kulia na kulifuta lililomo kabla `sort` haijaanza kusoma. `sort` ilipofika, ilikuta faili tupu, ikapanga utupu, ikarudi bila lawama. `ls -l` ikaonyesha sifuri. Miaka ya kazi, baiti 0. Najua jinsi mikono inavyopoa wakati ule.

Kilichoniokoa kilikuwa ndani ya mfumo tayari. FreeBSD ina mfumo wa mafaili wa ZFS tangu toleo la 7.0 la mwaka 2008, na nilikuwa nimeiagiza ipige picha ya hali ya `zroot/home` kila saa. Kwenye mzizi wa `/home` kuna saraka iitwayo `.zfs` ambayo hata `ls -a` haiionyeshi kwa kawaida, lakini ukiandika `cd /home/.zfs/snapshot` unaingia. Humo nikakuta saraka moja kwa kila picha, na ndani ya ile ya saa iliyotangulia, `maneno.txt` langu likiwa zima, neno la mwisho nililoongeza likiwemo. `cp` moja, basi. Sikusakinisha kitu wala kusoma makala ya mtu nikiwa na hofu. ZFS ipo pia kwa watumiaji wa Linux, lakini inakaa nje ya kerneli kwa sababu za leseni na mara nyingi lazima uifuate mwenyewe. Kwenye FreeBSD msakinishaji anakuuliza tu kama unaitaka.

Siku chache baadaye, nikisoma ukurasa wa mwongozo wa `cat` katika BSD, nikakuta onyo kwamba `cat file1 file2 > file1` itaharibu data iliyokuwa ndani ya faili la kwanza, kwa sababu ya jinsi sheli inavyoelekeza matokeo. Lilikuwa limeandikwa pale muda wote. Na mwongozo wa `sort` una `-o`, ambayo inaruhusiwa kuandika juu ya faili lilelile inalolisoma. Sasa mstari wangu ni `sort -u -o maneno.txt maneno.txt`, nao ni salama kila mahali.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma miongozo kwa dhati, na kusoma miongozo ndiko kulikonifikisha OpenBSD.

Historia kidogo inahitajika. BSD ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako msimbo wa Unix ya Bell Labs uliboreshwa kuanzia miaka ya 1970. `vi`, kihariri cha maandishi cha Bill Joy, kilizaliwa huko. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T iliyokuwa na haki za Unix ilifungua kesi dhidi ya wasambazaji wa msimbo huo, na kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 1994. Katikati ya msukosuko huo, mwaka 1993, NetBSD na FreeBSD zilianzishwa. Mwaka 1995 Theo de Raadt, baada ya kuondolewa katika NetBSD, akaanzisha OpenBSD. Jambo ambalo zote tatu zilirithi ni kwamba kerneli, `ls`, `ps`, `ifconfig`, sheli na kurasa za mwongozo hukaa kwenye ghala moja la msimbo. Fungua `/usr/src` ya FreeBSD: `bin/ls` hapa, `sbin/mount` pale, `usr.bin/find` mbele kidogo, na kerneli kwenye `sys`. Mtu akibadilisha namna kerneli inavyohesabu kumbukumbu, anabadilisha `ps` siku hiyohiyo, na mwongozo wake pia. Kwa hiyo `ifconfig`, ambayo kwenye Linux imeiachia `ip` nafasi yake, kwenye BSD imeendelea kukua. Ndani ya OpenBSD naunganisha Wi-Fi nayo, natengeneza VLAN (mtandao pepe) nayo, na nikisahau chochote kipo kwenye `man ifconfig`.

OpenBSD imefika mbali zaidi katika njia hiyo. Orodha ya vitu unavyovikuta siku ya kwanza inashangaza kwa mfumo mdogo namna ile: OpenSSH, ambayo ni kazi yao wenyewe tangu 1999 na leo iko karibu kila mahali, kichujio cha mtandao cha pf, tmux ya kugawa terminali, seva ya wavuti iitwayo httpd, seva ya barua ya OpenSMTPD, `doas` ya kupewa mamlaka ya msimamizi, yenye faili la mipangilio ambalo mara nyingi ni mstari mmoja, `openrsync` ya kusawazisha mafaili, mazingira ya picha ya X yakiwa na visimamizi vya madirisha. Ukiacha X, vimeandikwa kwa mtindo mmoja, na faili la mipangilio la kimoja likikufunza, la pili unalisoma bila kujikwaa.

Fungua msimbo wa `cat` wa OpenBSD. `cat` inasoma faili na kulitoa kwenye skrini, hakuna zaidi. Mapema ndani ya `main` utakuta:

`if (pledge("stdio rpath", NULL) == -1)`

Hiyo ni ahadi kwa kerneli. Programu inasema: kuanzia hapa nitasoma na kuandika kwenye njia nilizokwisha kufunguliwa, na nitafungua mafaili kwa kusoma tu. Ikithubutu baada ya hapo kufungua muunganisho wa mtandao, kerneli inaiua papo hapo. `pledge` ilikuja na toleo la 5.9 mwaka 2016, na leo imo karibu katika kila zana ya mfumo wa msingi. Fikiria kazi hiyo: kupita programu moja baada ya nyingine, hata zile zenye umri wa miaka 40, na kuuliza kila moja inahitaji nini hasa ili iishi. Kazi hiyo haiwezekani kirahisi pale `cat` ni ya timu moja na kerneli ni ya nyingine.

Miongozo sasa. Ukurasa wa OpenBSD una mifano inayofanya kazi, una sehemu ya viwango inayokueleza chaguo lipi ni la POSIX na lipi ni nyongeza yao, na una historia: utasoma kwamba `cat` ilionekana katika toleo la kwanza la Unix ya AT&T. Sehemu ile ya viwango ndiyo iliyoikomboa skripti yangu. Nilikuwa nimeanza kuongeza tawi la tatu kwenye `if` yangu, maana `date` ya OpenBSD haina `-d` ya GNU wala `-v` ya FreeBSD. Ina `-r` inayopokea sekunde, wakati kwenye GNU `-r` hupokea jina la faili. Herufi ileile, maana mbili. Nikakaa na kurasa za mwongozo jioni nzima, nikipitia kila mstari wa skripti na kuuliza: hili ni la kiwango, au ni la nyumba fulani? Nikagundua kwamba sikuhitaji kuijua jana kabisa. Nilichohitaji ni kujua mara ya mwisho skripti ilipokimbia. Sasa inaandika jina la kifurushi cha mwisho kwenye faili dogo, na kesho yake inalisoma. Matawi yote matatu yakaondoka. Na hata mashine ikizimwa siku nne, ulinganisho unabaki sahihi, jambo ambalo toleo la `yesterday` halikuweza kamwe.

OpenBSD nayo ilinipa fumbo moja zuri. Usiku wa kwanza, orodha ya maneno mapya ilikuwa na maneno 612, nami nilikuwa nimeongeza matano. Nikayasoma: Alhamisi, Aprili, Ijumaa, Januari... Yote yalianza kwa herufi kubwa. Orodha ya zamani ilikuwa imepangwa kwenye Debian, ambako `sort` ilifuata kanuni za lugha na kuchanganya herufi kubwa na ndogo. OpenBSD hupanga kwa thamani ya baiti, herufi kubwa zote kwanza. `comm` inadai mafaili mawili yawe yamepangwa kwa utaratibu mmoja, na yangu hayakuwa hivyo. Zana ya GNU ingenionya kwamba faili halijapangwa. Ile ya BSD iliendelea kimya. Hapa nawapa GNU haki yao, onyo hilo ni la maana. Nikaweka `LC_ALL=C` juu ya skripti na mifumo yote ikakubaliana. Faida ya ziada: alama ya ritifaa inatangulia herufi zote, basi maneno yangu ya ng' hukaa pamoja, mbele ya nga.

Mambo ya kupanga si ya kuchukuliwa juujuu. Toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya C ya GNU, mwaka 2018, lilibadilisha utaratibu wa kupanga, na waliohamisha hifadhidata za PostgreSQL kwenda kwenye mfumo mpya bila kujenga upya faharasa walikuta faharasa zimeharibika.

Nikiwa kwenye ritifaa, niseme na wanaofanya kazi na Kiswahili kwenye terminali, kwa sababu mtego huu ni mmoja kwenye mifumo yote. Ukiandika `grep 'ng'ombe' maneno.txt`, alama za kunukuu ni tatu, hazijafungika, na sheli inabaki na `>` ikikusubiri umalize. Hiyo unaiona. Lakini andika `grep 'ng'ang'ania' maneno.txt`. Alama ni nne sasa, zimefungika vizuri, sheli inaziondoa na kutafuta `ngangania`. Hutaonywa. Utaambiwa neno halipo, nalo lipo. Tumia alama mbilimbili, `"ng'ang'ania"`, kila mara.

Alpine ni dunia nyingine. Ni Linux, lakini si GNU: maktaba yake ya C ni musl na zana zake ni BusyBox. Andika `ls -l /bin/sed` uone:

`/bin/sed -> /bin/busybox`

Kisha `ls -l /bin/date`, jibu lilelile. Ni programu moja iliyobeba zana zaidi ya 200, ikiangalia imeitwa kwa jina gani ndipo ijue iwe nani. Bruce Perens aliianzisha miaka ya 1990 ili msakinishaji wa Debian aweze kuenea kwenye diski moja ya flopi, na leo ubanifu uleule unafanya kontena (kifungashio cha kuendeshea programu) la Alpine liwe dogo mno, chini ya MB 10. Kufikia hapo skripti yangu ilikuwa imeshasafishwa na OpenBSD, kwa hiyo ilipita karibu yote. Ilikosa `scp` tu, maana SSH si sehemu ya mfumo wa msingi wa Alpine, nikaiongeza kwa `apk`, kisakinishi chake. Kilichonisumbua ni kimya. Hakuna `man`. Miongozo ipo, lakini kila kifurushi kina chake kando chenye jina linaloishia na `-doc`, na hata `man` yenyewe unaisakinisha. Naelewa sababu, nafasi ni ndogo. Ila mfumo usio na mwongozo ndani yake mimi siwezi kuuita makazi. Naufanyia kazi na kuondoka.

NetBSD nimeijaribu wiki mbili tu. Skripti ilipita bila kuguswa, na nilifurahi kukuta SQLite, hifadhidata ndogo, imo ndani ya mfumo wa msingi. Kinachonivutia zaidi ni `build.sh`, inayokuwezesha kujenga NetBSD nzima ya mashine ya aina nyingine ukiwa juu ya Linux au mfumo mwingine. Hiyo nitaiandikia siku nyingine, nikishaijua.

Sitaki kuficha gharama za upande ninaoupenda. OpenBSD haina Bluetooth kabisa, iliondolewa mwaka 2014. Kwenye mafaili makubwa sana `sort` ya GNU, inayogawa kazi kwa viini kadhaa vya prosesa, inaiacha mbali. `tar` ya OpenBSD inataka uiambie `-z` mwenyewe ikiwa faili limebanwa kwa gzip, ilhali ya FreeBSD inatambua yenyewe na hata faili la zip inalifungua. Kwa maneno 41,000 hayo hayanigusi. Kwa kazi yako huenda yakakugusa.

Lakini kuna zana moja ndogo ambayo imeniamulia mashine ya kulilea faili langu, nayo si `sort` wala ZFS. Ni `mail`. Mwaka juzi, kwenye mashine ya Debian, skripti ilishindwa kwa usiku 11 mfululizo. Mashine inayopokea vifurushi ilikuwa imebadilishiwa jina, na `scp` ilikuwa ikilalamika kila usiku. Sikujua. Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, hutuma malalamiko kwa barua, na kwenye mashine ile hakukuwa na seva ya barua. Kwenye kumbukumbu za mfumo nikakuta usiku wote 11, kila mmoja na mstari wake:

`(CRON) info (No MTA installed, discarding output)`

Ningeweza kusakinisha seva ya barua, najua, na sasa nimefanya hivyo. Lakini OpenBSD hainidai. OpenSMTPD imo, imewashwa, inasikiliza ndani ya mashine tu, na cron inaijua. Mambo yakiharibika usiku, asubuhi naingia na kukuta mstari unaosema `You have new mail.` Naandika `mail`, nasoma, najua.

Tangu hapo nimeiongezea skripti mstari wa 59: hata kila kitu kikienda sawa, inachapisha maneno mapya. Kwa hiyo kila asubuhi napata barua kutoka kwenye mashine yangu mwenyewe. Ya leo ilikuwa na mistari miwili:

`chelezo`

`ung'ong'o`